Zamu Yako ya Neno Jumamosi: Namna ya Kuisoma Hadithi ya Biblia Mpaka Itoe Funzo

Ratiba ya jumuiya imesomwa na jina lako limo: Jumamosi ijayo wewe ndiye utakayeongoza neno. Wengi wetu hapo tunakimbilia njia mbili. Kuna anayempigia simu katekista au mwinjilisti ampe "pointi", na kuna anayefungua mahubiri ya mtu kwenye simu, akachota yale matatu yaliyopigiwa makofi, akaenda kuyarudia uani kwa mama mwenye nyumba. Watu wataitikia amina, matangazo yatasomwa, sadaka itahesabiwa, na kabla ya saa mbili kila mtu ameshika njia yake, huyu Kariakoo, yule Mwenge. Hakuna aliyekosea. Ila hadithi yenyewe itakuwa haijasomwa na mtu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuisoma mwenyewe. Hauhitaji chuo cha Biblia. Unahitaji Biblia, daftari, kalamu na jioni tatu au nne za wiki hiyo, kwa hiyo usisubiri Ijumaa usiku. Ruhusa ya kutafuta funzo kwenye hadithi za kale tunayo kwa Paulo mwenyewe: akiwakumbusha Wakorintho habari za Waisraeli jangwani, anasema mambo yale yaliwapata wao yawe mifano, yakaandikwa ili kutuonya sisi (1 Wakorintho 10:11). Kwa hiyo swali si kama hadithi ina funzo. Swali ni kama funzo unalolitoa limetoka kwenye hadithi, au ulikuja nalo mfukoni.

Nitatumia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho: mjane na chupa ya mafuta, 2 Wafalme 4:1–7. Nimeichagua kwa sababu inahusu deni, na kwa Dar es Salaam ya leo ni vigumu kupata jumuiya isiyo na mtu anayeikata simu ya mkopeshaji kila Jumatatu.

Hatua ya kwanza: soma hadithi nzima, kwa sauti

Usianze na mstari unaoupenda. Tafuta mahali hadithi inapoanzia na inapoishia. Mhusika mpya akiingia, au safari ikianza, au ukikuta "ikawa siku moja", mara nyingi ujue umevuka mpaka. Yetu inaanza mjane anapomlilia nabii Elisha na inaishia anapoambiwa akauze mafuta. Mstari wa 8 Elisha tayari yuko Shunemu na habari ni nyingine. Mistari saba tu.

Isome kwa sauti mara tatu, siku tofauti ukiweza. Ukiwa kwenye mwendokasi umesimama, sikiliza Biblia ya sauti kwenye simu, inasaidia sana. Lakini angalau mara moja isome kwenye karatasi ukiwa na kalamu, maana kwenye simu unafika mstari wa tatu meseji inaingia na Elisha anasahaulika hapo hapo. Soma na tafsiri mbili. Union Version ya 1952 ndiyo wengi tuliyolelewa nayo na ndiyo watu watakayokuwa wameishika Jumamosi. Habari Njema, ya miaka ya 1990, inakufungulia sentensi zilizokazana. Zikitofautiana mahali, weka alama. Mara nyingi hapo ndipo pana jambo.

Hatua ya pili: andika kilichosemwa, na ambacho hakikusemwa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Chukua ukurasa mzima wa daftari na uandike mambo yaliyomo kwenye hadithi bila kutafsiri chochote. Nani yupo? Anataka nini? Anasema nini hasa? Nini kimebadilika mwanzo na mwisho?

Tuifanye pamoja. Mwanamke hatajwi jina. Tunajua ni mke wa mmoja wa wana wa manabii, yaani watu waliokuwa wakiishi na kujifunza chini ya akina Elisha, na kwamba mume amekufa. Anamkumbusha Elisha kuwa marehemu alikuwa mcha Mungu. Mdai amekuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Simama hapo kidogo: huyu marehemu hakuwa mlevi wala mcheza kamari kwa tunavyoambiwa, alikuwa mcha Mungu, na amekufa na deni. Mtu akija Jumamosi na ile hoja kwamba anayemcha Mungu hakopi, mstari wa kwanza umeshamjibu.

Elisha anauliza maswali mawili kwa mfululizo. Nikufanyie nini? Una kitu gani nyumbani? La kwanza halingoji jibu, anakimbilia la pili. Na mama anajibu kama tunavyojibu sote: sina kitu, ila chupa ya mafuta. Kwanza "sina", halafu "ila".

Sasa maagizo. Aende kwa jirani zake wote akaombe vyombo, viwe vitupu, "wala usitake vichache". Aingie ndani na wanawe. Afunge mlango. Amimine, na kilichojaa akitenge pembeni. Angalia ni nani anafanya nini: wana wanaleta vyombo, mama anamimina. Wale wale waliokuwa wachukuliwe utumwani ndio wanaopokezana kazi na mama yao.

Elisha je, yuko wapi? Hayupo. Mlango umefungwa, naye yuko nje, pengine mbali, kwa sababu mambo yanapokwisha mama "akaja" kumwambia. Muujiza mkubwa kiasi hiki umefanyika ndani kwa mjane, mtumishi wa Mungu hayupo, hakuna watazamaji, hakuna aliyeweka mkono juu ya chombo. Andika hilo kwa herufi kubwa kwenye daftari lako. Ukiangalia namna miujiza inavyotangazwa hapa mjini kwa mabango na spika, utaona kwa nini ninakwambia usilipite.

Kisha mwana anasema hakuna chombo kingine, na mafuta yakakoma. Mama haendi moja kwa moja sokoni. Anarudi kwanza kuuliza. Na jibu la Elisha lina mpangilio: uza, lipa deni, kinachobaki kuleni. Deni linatangulia chakula.

Upande wa pili wa ukurasa andika ambayo hayakusemwa. Hatuambiwi mume alikopa kwa ajili gani. Mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, Josephus, anasema mume huyo alikuwa Obadia, yule aliyewaficha manabii mia pangoni (1 Wafalme 18:4), na kwamba alikopa ili awalishe. Ni mapokeo mazuri, ila Biblia haijasema hivyo, kwa hiyo ukiyatumia yataje kuwa ni mapokeo. Hatuambiwi deni lilikuwa kiasi gani. Hatuambiwi kama Elisha alichukua sehemu ya mafuta. Hakuna popote anapoomba chochote. Na katika jumuiya moja ya Mbagala ambako hadithi hii ilisomwa, mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, samahani, hao majirani waliambiwa vyombo vyao vinakwenda kufanya nini?" Hatuambiwi. Walitoa tu. Swali lile liliwashughulisha watu kuliko yote yaliyotayarishwa siku hiyo, na lilitoka kwa mtu aliyesikiliza yasiyosemwa.

Hatua ya tatu: soma yaliyoizunguka

Soma sura iliyotangulia na inayofuata. Kwa Injili inatosha mara nyingi kusoma habari moja juu na moja chini.

Sura ya 3 ni vita. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, wanakwenda kumpiga Mesha mfalme wa Moabu, wanazunguka siku saba, maji yanawaishia. Elisha anawaambia wajaze bonde mahandaki, na maji yanakuja kuyajaza bila mvua kuonekana. Geuza ukurasa: kutoka kwa wafalme watatu na majeshi yao, msimulizi anaingia nyumba ya mjane asiye na jina. Huko mahandaki matupu yalichimbwa yakajazwa, huku vyombo vitupu vinaazimwa vinajazwa. Aliyeziweka habari hizi mbili jirani alijua anachofanya. (Huyo Mesha si wa hadithi tu. Jiwe aliloandikisha habari zake mwenyewe lilipatikana mwaka 1868 huko Dhiban, Yordani ya leo, na liko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris.)

Sura ya 5 ni Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, na mwishoni mwake kuna Gehazi, mtumishi wa Elisha. Elisha amekataa zawadi ya Naamani. Gehazi anamkimbilia nyuma, anadanganya, anapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili, anaondoka na ukoma. Ukisoma sura ya 4 na ya 5 kwa pamoja, swali la nani alifaidika na mafuta ya mjane linapata uzito mwingine kabisa. Wapo leo wanaouza chupa za mafuta kwa kutumia hadithi hii hii.

Halafu rudi nyuma kwenye sheria, kwa sababu hadithi inategemea wasomaji wanaoijua. Sheria ya Musa iliruhusu mtu maskini kujiuza kwa deni, lakini ikasema asitumikishwe kama mtumwa na aachiwe mwaka wa yubile, yaani kila mwaka wa hamsini (Walawi 25:39–41). Ilikataza kumtesa mjane na yatima (Kutoka 22:22). Ilikataza kumtoza riba maskini (Kutoka 22:25). Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 24. Mstari wa 6: usichukue rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ndiyo maisha ya mtu. Mstari wa 10 na 11: ukimdai jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani, simama nje, yeye mwenyewe akutolee.

Simama nje. Waambie hivyo watu waliowahi kuona vijana wa mikopo ya kausha damu wakiingia mpaka chumbani, wakabeba televisheni, friji, na kwa mama ntilie mmoja mpaka majiko na masufuria ya biashara, vitu ambavyo ndivyo vingemwezesha kurejesha. Jiwe la kusagia ni hayo masufuria. Hutahitaji kueleza zaidi.

Hatua ya nne: tenganisha kinachosimuliwa na kinachoagizwa

Hii ni fupi lakini inaokoa mengi. Biblia husimulia mambo mengi ambayo haiyasifu. Yefta aliweka nadhiri iliyomgharimu binti yake (Waamuzi 11). Hakuna mahali tunaambiwa tuige. Gideoni aliomba ngozi ya kondoo ilowe umande, kesho yake akaomba iwe kavu, na hayo ni baada ya Mungu kuwa ameshasema naye (Waamuzi 6). Unaweza kufundisha uvumilivu wa Mungu kwa hapo, ila kuwafundisha vijana wachague mchumba kwa ishara ni jambo jingine. Rafiki za Ayubu wanasema maneno mazuri sana kwa sura nyingi, watu wanayaandika ukutani, na mwisho Mungu anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake (Ayubu 42:7). Kabla ya kunukuu, angalia mdomo uliosema.

Kwa mjane wetu: Elisha alimwagiza mama huyu aazime vyombo. Hajaagiza kila Mkristo mwenye deni aazime kitu kwa majirani na kujifungia ndani. Funzo litakuwemo, lakini halitakuwa kunakili tendo.

Hatua ya tano: Mungu anafanya nini hapa?

Uliza hili kabla ya kuuliza "mimi nifanye nini". Ukigeuza mpangilio, kila hadithi itageuka kuwa habari za watu hodari na sisi tunaambiwa tuwe hodari kama wao. Daudi na Goliathi ndio wameumia zaidi: kila mtu ni Daudi, kila mwenye nyumba anayedai kodi ni Goliathi. Wakati kwenye 1 Samweli 17 jeshi zima la Israeli limesimama likiogopa siku arobaini, na sisi kwa haki kabisa tungekuwa humo jeshini.

Katika hadithi ya mafuta kuna jambo la ajabu. Msimulizi hasemi popote "Mungu akayazidisha mafuta". Jina la BWANA limetajwa mara moja tu, na ni mjane aliyelitaja, akimsema marehemu mume wake. Kwa hiyo lazima utafute Mungu kwa alama. Zaburi 68:5 inamwita baba wa yatima na mwamuzi wa wajane. Kutoka 22:23 inasema mjane akimlilia, hakika atasikia kilio chake. Na hadithi inaanza na neno gani? Mwanamke alimlilia Elisha. Kilio kile kilichoahidiwa kusikiwa, kimesikiwa, kwa kupitia mafuta yaliyokuwa tayari nyumbani.

Kisha fuata uzi mpaka kwa Yesu, bila kulazimisha. Luka 4:25–27 anawakumbusha watu wa Nazareti mjane wa Sarepta wa siku za Eliya na Naamani wa siku za Elisha. Walikasirika mpaka wakataka kumtupa bondeni. Marko 12:40 anawasema waandishi wanaokula nyumba za wajane, na mara tu baadaye anaketi kuelekea sanduku la hazina, anamwona mjane maskini akitia senti zake mbili. Watu wengi husoma habari ya senti mbili kwenye changizo la ujenzi bila kusoma mstari wa 40. Mimi ningesoma yote miwili, hata kama mwenyekiti wa kamati ya ujenzi amekaa mstari wa mbele.

Hatua ya sita: jiweke mahali pa kila mhusika

Sote tukisikia hadithi hii tunajiweka mahali pa mjane. Ni sawa, wengi ndipo tulipo. Lakini nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi habari ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini, Daudi akamkasirikia tajiri, ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Hadithi ya Biblia humnasa mtu upande ambao hakuutarajia, kwa hiyo zunguka.

Kaa mahali pa majirani. Hawakutoa fedha. Walitoa ndoo tupu, kitu ambacho kila nyumba inacho, na wingi wa mafuta ulipimwa kwa wingi wa vyombo vyao. Siku maji yakikatika Dar na yakarudi usiku wa manane, tunajua ni nyumba zipi unaweza kugonga uombe madumu na ni zipi huwezi. Mimi ni nyumba ipi?

Kaa mahali pa wana. Hapa vijana wa jumuiya wana la kusema, hasa wale ambao tayari wanalipa deni la mzazi aliyefariki.

Kaa mahali pa Elisha. Amesikiliza, ameuliza kilichopo, ametoa maelekezo, amemwacha aende. Hakumfanya mama amtegemee. Viongozi wa dini wakae hapo kwa muda mrefu kidogo.

Na mwisho kaa mahali pa mdai. Watu hawapendi. Lakini kwenye jumuiya yoyote ya Kimara au Tabata kuna anayekopesha: mwenye duka anayeandika daftari, kijumbe wa mchezo, mhazini wa kikoba, au mtu aliyestaafu akatoa kiinua mgongo chake kwa riba ya asilimia ishirini kwa mwezi. Mdai wa 2 Wafalme 4 hajavunja utaratibu kwa macho ya watu wa zama zile; kuchukua watoto kwa deni kulikuwa jambo la kawaida katika nchi zile. Nehemia aliwakuta wakubwa wa Yerusalemu wakifanya hayo hayo kwa ndugu zao, mashamba yamewekwa rehani, watoto wanauzwa, akakasirika sana, akaitisha mkutano, akawaambia warudishe mashamba na riba (Nehemia 5). Walirudisha. Ukimsoma mdai pamoja na Nehemia 5, mkopeshaji aliyeketi na wewe kwenye mkeka hatahukumiwa bila kuonyeshwa mlango wa kutokea.

Hatua ya saba: andika funzo kwa sentensi moja, kisha ulijaribu

Sentensi moja. Ukishindwa, bado hujaelewa. Andika mbili tatu uchague.

Nikupe zinazoanguka. "Mafuta ni Roho Mtakatifu, vyombo ni mioyo yetu, mlango ni sala." Inapendeza, ila hakuna kitu kwenye mistari saba kinachoidai, na deni limetoweka kabisa, wakati hadithi nzima ni ya deni. Jambo hili ni la zamani. Augustino wa Hippo aliifanyia vivyo hivyo habari ya Msamaria mwema: nyumba ya wageni ni Kanisa, mwenye nyumba ni mtume Paulo. Alikuwa mtu mkubwa na unaweza kumheshimu bila kumfuata hapo, kwa sababu Yesu mwenyewe alimalizia hadithi ile kwa kumwambia mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo (Luka 10:37). Mwenye hadithi akishasema funzo, usimwongezee.

Nyingine inayoanguka: "Ukiwa na imani, madeni yako yatafutika." Hayakufutika. Yaliagizwa yalipwe, kwa mafuta yatakayouzwa. Kila anayeuza mafuta ya kupima gengeni anajua kuna kazi kati ya kumimina na kupata hela.

Sasa inayosimama: Mungu anayesikia kilio cha mjane alimwokoa kwa kutumia kidogo kilichokuwa ndani na vyombo vya jirani waliokubali kuazimwa. Au kwa upande mwingine: deni la maskini ni jambo ambalo Mungu analiona, na watu wake wana sehemu katika kulimaliza.

Zijaribu kwa maswali matatu. Je, ningeweza kusema sentensi hii bila kuisoma hadithi hii? Kama ndiyo, ni ya jumla mno. Je, kuna mstari kwenye hadithi unaoipinga? Na la tatu, ambalo mimi hulipa uzito kuliko yote: je, ningeweza kumwambia mwanamke aliyeko hapa uani, ambaye juzi walimbebea friji, nikimtazama usoni? "Una kitu gani nyumbani?" ni swali zuri sana mdomoni mwa Elisha, ambaye alikuwa tayari kusaidia. Mdomoni mwa mtu asiyejua mama yule alilala na nini jana, linageuka kejeli.

Hatua ya nane: funzo lipate mikono kabla ya Jumamosi nyingine

Chagua tendo moja, dogo, lenye siku. "Tuwe na upendo" si tendo. Kwa hadithi hii jumuiya inaweza kukubaliana kwamba anayetaka kukopa nje atamwambia kwanza mtu mmoja wa kuaminika, asome naye mkataba kabla ya kusaini na kuangalia kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na orodha ya waliopewa inapatikana Benki Kuu. Au watu wawili wamsindikize mdaiwa kwenda kuomba apangiwe marejesho upya, maana mdaiwa anayekwenda peke yake hutishwa kirahisi. Au mfuko wa jumuiya ulipie rejesho moja la mtu aliyefiwa mwezi huu. Msitangaze jina lake. Mlango ulifungwa.

Siku yenyewe

Usihubiri. Dakika ishirini zinatosha. Hadithi isomwe na watu wawili, mmoja kila tafsiri, kisha waache wakae kimya kidogo. Kimya cha Dar hakijakamilika, bodaboda zitapita, muuza vitumbua atapita na spika yake, haidhuru. Uliza swali moja la hatua ya pili, kwa mfano, "Elisha alikuwa wapi mafuta yalipokuwa yanamiminwa?" Ni swali ambalo hata mtoto wa kipaimara anaweza kulijibu kwa kutazama kitabu, na likishajibiwa, watu huanza kusoma kweli. Kisha waulize wao ni nani kwenye hadithi. Usiwaite kwa majina. Atakayetaka kusema kuwa yeye ni mdai atasema siku nyingine, pembeni.

Akitokea anayeteka mazungumzo, na atatokea, mrudishe kwenye mstari: "Asante mzee wangu, tusaidie, hilo liko mstari wa ngapi?" Kwa heshima, na kwa tabasamu.

Wiki inayofuata mkitaka kuendelea, mistari ya 8 hadi 37 ni ya mama wa Shunemu. Ni ndefu, igaweni kwa wasomaji watatu. Huyu ana mali, ana mume, na Elisha akimuuliza kama anataka asemewe kwa mfalme anajibu kwamba anaishi kati ya watu wake mwenyewe. Anzeni na jibu hilo. Mlinganishe na mjane wa mistari saba ya juu, aliyekuwa naye na majirani, na muone ni wapi njia za wanawake hawa wawili zinapokutana.